Bi Amne Alipojifunza Kucheza

Bi Amne alikuwa akimfunga mjukuu wake kwa kanga, na wala hakuwa mtu katili. Kila asubuhi, kabla ya kushuka uwani kuwasha jiko, alichukua kanga moja kukuu, akakaza ncha yake kiunoni mwa Anuar na ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda cha samadari. Alimwekea redio karibu, akampa kipande cha mkate, akambusu utosini.

"Tulia hapa, bwana wangu. Bibi nnarudi sasa hivi."

"Naam, Bibi," Anuar alijibu, na kweli alitulia. Alikuwa mtoto wa miaka saba, na kutulia ndiyo kazi aliyokuwa akiijua kuliko zote.

Walikaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, ghorofa ya juu ya jumba la zamani lililogawanywa kwa familia kadhaa. Ngazi za nyumba hiyo zilikuwa za mbao, za wima, vidato vyake vimelika katikati kwa miguu ya watu waliokwishakufa zamani. Anuar alizaliwa kabla ya siku zake na macho yake hayakupata kuona. Alipoanza tu kutembea, alianguka kwenye ngazi zile, akavunjika mkono na kupasuka kipaji cha uso. Tangu siku hiyo Bi Amne hakumwamini mtu yeyote, wala ngazi, wala nafsi yake. Baba wa mtoto alikuwa amemwacha mkewe akahamia Pemba. Mama yake, Ulfat, alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja Uroa, pwani ya mashariki, amepanga chumba huko huko, na mjini alikuja siku zake za mapumziko tu, mkono huu mfuko wa samaki, mkono huu nguo za mwanawe. Kwa hiyo ulinzi wote wa Anuar ulikuwa juu ya bibi yake, na bibi alikuwa na magoti mabovu na jiko la uwani. Kanga ndiyo iliyokuwa msaidizi wake.

Asubuhi moja alisikia hodi.

"Karibu, panda tu. Shika ukuta, ngazi mbaya hizo."

Akaingia mwanamke kijana, mwembamba, begi kubwa begani, anahema na kucheka kwa pamoja. "Shikamoo, Bi Amne. Hizi ngazi zenu zinataka bima."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Thuwaiba. Ni mwalimu wa watoto wasioona. Jirani yako mmoja kaniambia una mjukuu."

Bi Amne akasimama mbele ya kitanda kama anayetaka kunyang'anywa kitu. "Nnaye. Na hana haja ya skuli. Nani atamtazama huko? Watoto watamsukuma, ataanguka."

"Sikuja kumchukua. Nimekuja kucheza naye kidogo tu, ukiniruhusu."

Bi Amne akamtazama. Maneno ya ubishi alikuwa ameyaweka tayari siku nyingi, ya kuwajibu watu wa skuli na watu wa hospitali. Ya kumjibu mtu aliyekuja kucheza hakuwa nayo. "Haya, cheza," alisema.

Thuwaiba alikaa chini, sakafuni. Kanga ya kiunoni aliiona, Bi Amne alijua ameiona. Mwalimu alitoa begini mpira wa matambara, mkubwa kama dafu, na ndani yake mna njuga. Akautikisa. Anuar akainua kichwa. Mwalimu akauviringisha taratibu mpaka ukagusa mguu wa mtoto.

Anuar akaupapasa. Akautikisa. Akauweka sikioni, akautikisa tena, na uso wake ukafunguka namna ambayo Bi Amne hakuwa amepata kuiona.

"Niletee," alisema Thuwaiba. "Niko hapa nnapopiga makofi."

Mpira ukaenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi. Mara ya tatu au ya nne ulipita pembeni, ukaviringika mpaka mlangoni huku ukilia njuga zake. Anuar akageuka kwa sauti ile, akatambaa haraka, mkono mbele. Kanga ikamkaza kiunoni. Akavuta. Ikakaza zaidi. Basi akakaa pale alipofika, mkono umenyooka, vidole vinachezacheza hewani.

Thuwaiba hakuinuka kumletea mpira. Alingoja.

Aliyeinuka ni Bi Amne. Alipiga magoti kwa taabu, akaanza kulifungua fundo, na fundo lilikuwa limezoea kubana, likamsumbua. Alitumia meno. Lilipoachia, Anuar hakungoja; alitambaa mpaka mlangoni, akaupata mpira, akaukumbatia kifuani.

"Nimeupata!" alipiga kelele. "Bibi, nimeupata mwenyewe!"

Bi Amne akabaki pale pale sakafuni, meno yana uzi wa kanga.

*

Thuwaiba akawa anakuja mara kwa mara, akitoka skuli mchana. Hakuja na vitabu. Siku nyengine alikuja na vikopo alivyovitia choroko, mchanga na vifungo, Anuar avitikise na kuvipanga kwa mlio. Siku nyengine walicheza kibe, ule mchezo wa kujificha, ila huyu aliyejificha alikuwa lazima apige kofi kila anapoitwa. Bi Amne alivumilia kwa muda, kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Mwalimu, usione nakukosea adabu. Lakini masomo yataanza lini? Kila siku naona mnacheza tu."

"Nshaanza, Bi Amne. Jana alikutafuta hapa ndani, akazunguka kitanda, akapita kabati, akafika dirishani bila ya kushikwa. Nani alimwambia kabati liko wapi?"

"Hakuna aliyemwambia."

"Basi. Mtoto anayeona hujifunza nyumba kwa kuitazama amekaa. Huyu wetu lazima aiendee. Asipoiendea, dunia yake inaishia mkono wake ulipofika. Na mtoto umwambie nenda, nenda, hatokwenda. Mwambie njoo tucheze, anakwenda."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye mwalimu mwenyewe. Mimi napita tu." Akacheka. "Chukua ushungi wako, ufunge macho. Zamu yako kutafuta."

Bi Amne alikataa. Halafu Anuar akamsihi, na hakuna aliyepata kumkatalia Anuar kitu mara mbili. Akafunga macho kwa ushungi wake mwenyewe, akasimama katikati ya chumba alichokaa tangu alipoolewa, na papo hapo akapotea. Alimshika Thuwaiba pua akidhani ni kitasa cha kabati. Anuar alicheka mpaka akalala chini. Tangu siku hiyo bibi alielewa mambo mengi ambayo hakuna mtu aliyemweleza, na mchezo wa kibe akaupenda kuliko mjukuu wake.

Ngazi zilichukua muda zaidi. Bi Amne hakuweza hata kutazama. Alikuwa anakaa uwani, chini, anakuna nazi. Thuwaiba alimkalisha Anuar juu kabisa, wakashuka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, na kila kidato wakakipa jina. Mlikuwa na Mpara, kilicholika kikawa laini. Mlikuwa na Msumari. Karibu na chini mlikuwa na kimoja kilicholalamika kila kilipokanyagwa, wakakiita Bi Mkubwa, na ilikuwa sharti ukifika hapo umwamkie.

"Shikamoo, Bi Mkubwa!" Anuar alisema siku ya kwanza aliyoshuka kwa miguu, na kidato kikalia.

"Marahaba, mjukuu wangu!" Bi Amne akajibu kutoka uwani, akaiweka nazi chini, maana alijua sauti ile imetoka wapi, na aliyeitoa alikuwa amesimama kwa miguu yake.

Kusoma nako kulianza hivyo hivyo, kwa mchezo. Thuwaiba alikata trei la mayai, akaacha vikombe sita tu, vitatu huku na vitatu huku, akaomba ndimu jikoni. Ndimu moja kwenye kikombe cha juu kushoto ilikuwa herufi A. Ndimu mbili, moja juu ya mwenzake, B. Hivyo ndivyo zilivyopangwa nukta nundu, yale maandishi wanayosoma wasioona kwa vidole, ila hapa nukta ilikuwa kubwa na inanukia. Anuar alijifunza jina lake kwa ndimu, na bibi naye akajifunza, na jioni walipimana. Mwenye kukosea alikamuliwa ndimu ulimini.

Wakatoka nje. Hapo Bi Amne alisoma dua zote anazozijua. Lakini Mji Mkongwe, kumbe, ni mji unaosema. Vichochoro vyake vina kuta ndefu za mawe pande zote mbili, na Thuwaiba alimfundisha mtoto kupiga kofi na kusikiliza. Kofi likirudi haraka, ukuta uko karibu. Likipotea upande mmoja, hapo pana njia. Pale wanapooka mikate pananukia, penye fundi cherehani panalia cherehani, na njia panda ya kwenda Malindi huwa ina upepo unaokupiga shavuni. "Upepo huo unatoka baharini," mwalimu alimwambia. "Ukikupiga shavu la kushoto, unarudi nyumbani." Akampa fimbo nyeupe, fupi, ya kimo chake, na Anuar akawa anaigonga kwenye kuta na mabaraza kama mwenye deni na kila nyumba.

Watoto wa mtaani walimtazama kwa siku chache. Kisha Riyama, binti wa jirani wa chini, akaja kuuliza kama mpira wenye njuga unafaa kuchezea nage. Unafaa sana. Mchezo wa nage ni kumlenga kwa mpira aliye katikati, naye akwepe. Wao wakaweka sheria kwamba yeyote akisimama katikati afumbe macho, ili iwe haki. Kwa hiyo pale kichochoroni Anuar alikuwa mgumu kupigwa kuliko wote. Jina lake likawa linaitwa kuanzia asubuhi: "Anuar! Anuar! Shuka!" Bi Amne alikuwa akizisikia sauti zile akiwa jikoni, akiinamisha kichwa juu ya sufuria ili moshi ubebe lawama ya machozi yake.

*

Ajali ilitokea siku ya furaha. Thuwaiba alikuwapo, na nage imepamba moto. Mtu alikuwa ameegesha pikipiki kichochoroni, mahali ambapo hapakuwa na pikipiki kamwe. Anuar aliukimbilia mpira, akagongana nayo uso kwa uso. Kidevu kilipasuka. Damu ilikuwa nyingi kuliko jeraha lenyewe, lakini alishonwa, na siku hiyo hiyo alasiri Ulfat akafika kutoka Uroa, mfuko wa samaki mkononi, akamkuta mwanawe ana bandeji.

Hakuuliza mara mbili. "Yuko wapi huyo mwalimu?"

"Mimi hapa, dada," alisema Thuwaiba, ambaye hakuwa ameondoka. "Kosa ni langu. Nilitakiwa niitazame njia kabla ya mchezo, sikuitazama. Nisamehe."

"Nikusamehe? Huyu ni mtoto wangu wa pekee. Wewe umekuja kumfanyia majaribio!"

"Ulfat," akasema Bi Amne.

"Na wewe, Mama! Nilikuachia mtoto mzima. Tangu zile ngazi, miaka yote hiyo hakupata hata mkwaruzo."

"Miaka yote hiyo alikuwa kafungwa kwenye mguu wa kitanda," akajibu Bi Amne. Lakini alilisema taratibu, na binti yake hakutaka kusikia. Ulfat alikuwa amechoka kwa safari, amechoka kwa kazi, na alikuwa na hofu iliyomshika tangu mtoto alipokuwa ndani ya kile kisanduku cha kioo cha watoto njiti. Alikusanya nguo. Kesho yake asubuhi akaondoka na Anuar kwenda naye Uroa, na fimbo nyeupe ikabaki nyuma ya mlango.

Nyumba ikawa kimya. Riyama alikuja kuita mara moja, mara mbili, kisha akaacha. Bi Amne alikuna nazi akasahau kuzikamua. Alipopiga simu, Ulfat alisema mtoto hajambo, anakula, ametulia. Neno hilo, ametulia, lilimchoma bibi.

"Nipe niseme naye."

Anuar alikuja kwenye simu. Akasema, "Bibi, huku hakuna kuta."

"Vipi hakuna kuta?"

"Nikitoka nje nikapiga kofi, halirudi. Linakwenda tu. Na bahari inalia kila pahala. Sijui niende wapi, kwa hiyo sendi."

Bi Amne alikata simu, akavaa buibui, akashuka ngazi kwa magoti yake mabovu, akaenda mpaka skuli ya Thuwaiba. Mwalimu hakuwa amethubutu kurudi Kiponda. Alimkuta darasani anakata trei za mayai, uso umemshuka.

"Sikuja kukulaumu," Bi Amne alimwambia kabla hajaamkiwa. "Nimekuja kuuliza. Pahala pasipo na kuta, mtoto anajifunza vipi?"

Thuwaiba akaweka mkasi chini. Akafikiri kweli kweli. "Sijui," akasema mwishowe. "Watoto wangu wote ni wa mjini. Ufukweni sijafundisha mtu."

"Basi twende tukajifunze sote. Mimi natangulia kesho. Wewe njoo ukimaliza skuli wiki hii."

*

Ulfat alipomwona mama yake mlangoni kwake Uroa, na kifurushi na fimbo nyeupe, alidhani amekuja kugombana.

"Mama, kama umekuja kunisema..."

"Nimekuja kucheza," alisema Bi Amne. "Nenda kazini kwako, mwanangu. Mimi niko naye."

Anuar alikuwa amekaa kwenye mkeka kizingitini, mkono umeshika nguzo ya mlango. Ulfat alikuwa akimwacha hapo na mama mwenye nyumba, mtu mwema, aliyempelekea chakula alipokaa. Bibi alimvua viatu mtoto, akavua na vyake. Akachukua ushungi, akafunga macho yake mwenyewe.

"Nishike mkono," akasema. "Sote hatuoni. Haya, huku kuna nini?"

Walikwenda kama kaa, ubavu ubavu. Mwanzoni hawakupata kitu isipokuwa kelele za bahari, kama alivyosema mtoto, kila pahala. Bi Amne, mwanamke wa mjini aliyekuja ufukweni mara chache za sikukuu tu, alikuwa na hofu kuliko yeye. Halafu Anuar akasimama. "Bibi, mchanga umepoa." Kweli. Mkavu ulikuwa moto na unazama. Sasa walikuwa wamefika kwenye mbichi, mgumu, wa baridi. Wakarudi nyuma: moto. Mbele: baridi. Wakacheka. Wakaufanya mchezo: ukigusa baridi unasimama hapo hapo na kuita kwa sauti kubwa, na kwenda zaidi ya hapo peke yako ni haramu. Bibi aliisema sheria hiyo kwa ukali, na Anuar akairudia mpaka bibi akaridhika naye.

Siku zilizofuata waligundua mengine. Ardhi iliinama kuelekea majini, kidogo sana, mguu ukiusikiliza. Mivinje iliyopandwa mbele ya hoteli ilivuma kwa sauti yake, nyembamba, si ya bahari. Ukiisikia upande wa kulia wakati wa kurudi, nyumba iko mbele yako. Maji yakitoka, mchanga wa chini ulikuwa na mikunjo kama nguo iliyokaushwa bila ya kunyooshwa, na mikunjo yote ilikwenda sambamba na pwani. Jambo hilo Anuar aliligundua mwenyewe. Thuwaiba alipokuja Jumamosi na begi lake, bibi na mjukuu walimsimulia wakikatizana maneno, na mwalimu alikaa kwenye mchanga akawa anarudia tu, "Ngoja, ngoja, rejeeni hapo. Mikunjo? Inakwendaje?" Kisha akavua viatu, akafumba macho, akaomba afundishwe.

Ulfat aliwaona kwa mbali akitoka kazini. Aliwaona watu wazima wawili na mtoto wanatembea macho yamefungwa, wamenyoosha mikono, na watoto wa kijiji wanawafuata kwa vicheko. Akaja mbio.

"Mama! Watu wanatazama!"

"Watazame," alisema Bi Amne, akavua ushungi machoni. "Zamu yako."

"Mimi nimechoka, Mama. Tangu asubuhi nimesimama."

"Mama, cheza," alisema Anuar. "Mara moja tu. Mchezo unaitwa Nyumba iko wapi."

Ulfat akakubali ili yaishe. Bi Amne akamfunga macho vizuri, akamzungusha, akamwacha. Wote wakanyamaza, kwa kuwa ndiyo sheria. Ulfat akaanza kwenda kwa haraka, kwa kujiamini, mtu anayepita pwani ile kila siku ya Mungu. Alikuwa anaelekea baharini. Mguu wake ulipogusa maji alishtuka, akageuka, akaenda upande mwengine, akapotea zaidi, akakanyaga mwani ulioletwa na mawimbi, laini na wa baridi, akapiga kelele. Alisimama. Mikono yake ilikuwa mbele, vidole vinapapasa hewa.

"Mama?" akaita, kwa sauti ndogo. "Uko wapi? Mbona hamsemi?"

Thuwaiba alitaka kwenda. Bi Amne akamzuia kwa kumshika kiwiko. Maana Anuar alikuwa ameshaanza kwenda, fimbo yake ikichora mstari mchangani, taratibu, kichwa kimeinama upande mmoja akisikiliza pumzi za mamake. Alimfikia. Akamshika mkono.

"Usiogope, Mama. Simama kwanza. Unalisikia jua?"

"Jua?"

"Saa hizi jua liko bara. Liweke usoni. Hivyo. Sasa bahari iko nyuma yako, isikilize. Upepo uko kisogoni. Sasa miguu: mchanga ukiwa moto ujue tunapanda. Ile inayovuma ni mivinje. Twende. Mimi nakushika, lakini usinivute."

Wakapanda pwani, mtoto mbele, mama nyuma. Ulfat angeweza kuuvua ushungi ule wakati wowote, lakini hakuuvua. Alikwenda nao mpaka vidole vyake vilipoigusa nguzo ya mlango wake mwenyewe. Hapo akakaa chini kwenye mkeka, akamvuta mwanawe kifuani, na kitambaa cha machoni kikaloa.

"Umeyajua lini yote haya?"

"Nimecheza na Bibi," alisema Anuar, akishangaa swali lenyewe.

*

Jioni hiyo Ulfat alipika samaki aliokuwa amepewa na wavuvi jirani, wakala wote wanne kwenye sinia moja. Thuwaiba aliposimama kwenda kutafuta gari la kurudia mjini, Ulfat alimsindikiza mpaka njiani.

"Mwalimu, siku ile nilikuvunjia heshima."

"Ulikuwa mama wa mtoto aliyeumia. Ningekuwa mimi ningekupiga kwa wale samaki."

Ulfat akacheka, halafu hakuweza kuendelea kucheka. Alimshika mwalimu mikono miwili. "Mungu akulipe. Mimi sina cha kukulipa. Nilimzaa nikamhifadhi, nikadhani nimemaliza. Kumbe kulikuwa na mtu anamfahamu zaidi kuliko mimi, na alipobisha hodi hakumjua hata jina."

"Si mimi peke yangu," alisema Thuwaiba. "Unajua wangapi wanakataa? Nagonga milango, nafukuzwa. Mama yako alifungua, akakaa chini sakafuni na magoti yale. Namshukuru yeye. Leo kanifundisha pwani nzima."

Skuli zilipofunguliwa Januari, Anuar aliandikishwa darasa la kwanza mjini, akae na bibi yake, na likizo aende Uroa. Ulfat aliomba ruhusa kazini ili ampeleke siku ya kwanza. Walitoka Kiponda watatu: Anuar mbele na fimbo yake, Bi Amne na Ulfat nyuma, wamekatazwa kumshika. Penye njia panda yenye upepo mtoto alisimama, akageuza shavu, akaendelea. Mzee mmoja barazani aliuliza kwa sauti, mtoto huyo anakwenda wapi peke yake, na Bi Amne akamjibu, "Anakwenda kusoma, na sisi tunamfuata tusipotee."

Darasani Thuwaiba aliwapokea. Kulikuwa na watoto wengine wasioona, wawili watatu, mmoja wao msichana kutoka Kiembe Samaki aliyeng'ang'ania sketi ya mamake na kulia. Anuar aliisikia sauti hiyo. Akamwendea, akasimama karibu.

"Unajua kucheza kibe?" akamwuliza.

Msichana akaacha kulia ili afikiri. "Sijui."

"Si neno. Nitakufundisha. Kwanza piga kofi, nijue uko wapi."

Yule mama wa Kiembe Samaki akawatazama Ulfat na Bi Amne, macho yamejaa maswali. Ulfat akavuta kiti, akakaa karibu naye, akaanza kumsimulia tangu mwanzo. Bi Amne hakukaa kusikiliza. Alikuwa ameshaona kwamba chumba kina viti vingi njiani na kabati lenye kona kali, na kwamba watoto wanataka kuzunguka. Alimwomba Thuwaiba waviondoe. Wakavisogeza pamoja, mwalimu upande huu na bibi upande huu, huku magoti yakimlilia, na kila kiti kilipotua ukutani alisema Alhamdulillahi, kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti, bila ya kujali nani anasikia.

Nyuma yake kofi moja dogo likapigwa, la woga. Kisha likapigwa la pili.

"Nakusikia," alisema Anuar. "Nnakuja."